Kuwasemea Makauboi

Kwenye matanga ya Mzee Makokha, kule Mukuru kwa Njenga kwa binti yake Nafula, wanaume wawili wenye mvi nusura washikane mashati kwa sababu ya farasi. Mmoja alisema farasi wa stering, kwenye ile picha ya kauboi ya zamani, alikuwa mweusi. Mwingine akamwambia, "Wewe ulikuwa unalala kwa benchi, wacha kuongea. Farasi alikuwa mweupe, na alikuwa na doa hapa kwa paji." Ilikuwa saa tisa mchana, tumekaa uani kwenye viti vya plastiki, mipango ya kusafirisha mwili imekwisha, tunangojea chai. Nikawaambia wote wawili ni waongo, maana televisheni ya ule ukumbi wa picha wa Dandora ilikuwa imeharibika rangi na kila farasi aliyepita mle alikuwa wa kijani. Watu wakacheka mpaka Nafula akachungulia kutoka ndani kuona ni matanga ya aina gani haya. Lakini kuhusu mwisho wa ile picha hakuna aliyebisha. Wote walikumbuka kitu kimoja: stering, akiwa na risasi mbili mwilini, alivuka kilima, akafika kwa mamake, akaoshwa vidonda na kupewa uji. "Si ndio hivyo, Rispa?" wakaniuliza. "Wewe ulikuwa pale mlangoni na birika lako." Nikasema ndio.

Picha haikuisha hivyo, na mimi nilijua. Nimerudi kwangu Pipeline nimeketi siku tatu na daftari la mjukuu wangu, naandika ilivyokuwa, pamoja na majina ya waliofanya walichofanya. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo ukikuta nimepinda mahali, pita tu. Wengi waliokaa kwenye benchi zile hawapo tena. Kuna walioondoka na kifua kwa sababu ya moshi wa dampo, kuna waliokutana na risasi wangali vijana, na hizo hazikuwa risasi za picha. Nimebaki mimi na wale wazee wawili wa farasi, na wao nusu ya mambo wameisahau, nusu nyingine hawakuijua.

Mwaka wa picha ile nilikuwa na miaka kumi na minane, nakaa kwenye ploti ya vyumba vinane Dandora, choo kimoja kwa wote. Mlango wa Makokha ulitazamana na wangu. Zamani alikuwa mtu wa reli, chuma kikamwangukia mguu, wakamwachisha, akabaki na koti la kazi alilolitundika kwenye msumari ukutani kama picha ya bwana harusi. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, stuli mbili, na sanduku la bati ambalo juu yake aliweka sahani ya chumvi na kisu. Mke na watoto walikuwa nyumbani, Bungoma. Tulipika kwa zamu, siku moja kwangu, siku moja kwake, kwa sababu mtu akipika ugali wa mtu mmoja hauivi vizuri, au ndivyo alivyosema. Alikula omena kwa kuwashika mmojammoja kwenye mkia. Ukimharakisha alikwambia, "Msichana, huyu naye alikuwa na safari yake." Mimi nilimwita Baba Nafula, kwa sababu ndivyo mtu wa umri ule anavyoitwa. Ukumbini walimwita Redio.

Ukumbi ulikuwa wa mabati, madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi ya nailoni, televisheni imefungiwa kwenye kizimba cha chuma kama mfungwa. Mimi nilikaa mlangoni, ndani kidogo, na jiko langu, birika na beseni la mandazi. Jumapili baada ya kanisa watu walijaa, wanaume wa viwandani, akina mama wachache wenye watoto mgongoni, na moshi wa dampo ukiingia kwenye tundu za misumari mpaka ukashindwa kujua vumbi la farasi liko ndani ya televisheni au liko kwenye macho yako. Picha zilikuwa za kauboi. Stering, nawaelezea waliozaliwa juzi, ni yule mtu wa picha ambaye hafi. Anayepambana naye ni adui. Hizo ndizo kazi mbili zilizokuwapo duniani, na sisi wote tulijua tuko upande gani.

Makauboi walisema Kizungu cha puani, na hakuna mtu mle aliyekielewa. Makokha ndiye aliyewasemea. Alisimama kando ya televisheni, mguu mbovu juu ya kreti, sauti ya mashine imezimwa kabisa, akasema kwa niaba ya kila mtu aliyefungua mdomo, na farasi pia. Stering akiingia kwenye baa, milango ikibembea nyuma yake, Makokha alishusha sauti: "Hamjambo nyote. Nimetoka mbali, sijala tangu jana, na sitaki maneno." Mwenye baa akajibu kwa sauti ya Mama Atieno, aliyekuwa na kilabu nyuma ya shule: "Toa kofia kwanza, buda. Hapa si kwenu." Askari mwenye nyota kifuani alikuwa Chifu. Mto ambao adui aliuziba ulikuwa bomba. Wahindi Wekundu alikataa kuwaita hivyo. Aliwaita wenyeji, na wakianguka alikaa kimya mpaka picha ipite, na sisi tulijifunza kukaa kimya pamoja naye.

Mwenye ukumbi aliitwa Kamande. Naandika jina lake wazi, na kama watoto wake wanasoma, wasome. Bomba la maji la mtaa wetu lilikuwa mbele ya ukumbi wake na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Alilifunga akiwa na hasira, alilifungua akiwa na furaha, na kila alipolifunga alitusimamia sisi wanawake na ndoo zetu akisema, "Si tuelewane, watu wangu? Si tuelewane?" Sasa kuna Jumapili moja adui kwenye picha alikuwa mnene, ana kisibau, anavuta sigara juu ya ngazi huku wakulima wamesimama chini wakiomba maji. Makokha akamtazama, akakohoa, akasema kwa sauti ya Kamande yenyewe, ile ya puani: "Si tuelewane, watu wangu?" Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Mwanamke alipiga kelele, "Na ufunguo je? Muulize ufunguo!" Kuanzia siku hiyo kila adui, awe mwembamba, awe na ndevu, alisema tuelewane, na Kamande mwenyewe alikuwa amesimama nyuma, ndani ya ukumbi wake, akichekwa na watu wake. Nilimwona. Hakucheka, hakuondoka. Alikuwa anahesabu meno yetu.

Siku za Jumamosi asubuhi Makokha alipewa kanda mpya aitazame peke yake, ajipange. Nilikuwa naingia kuwasha jiko mapema, kwa hivyo nilimwona anavyofanya kazi. Hakuwasha sauti hata dakika moja. Aliketi karibu, magoti yakigusa kizimba, akitazama midomo na mikono ya wale watu. "Baba Nafula, si uongeze sauti usikie wanasema nini?" "Nikisikia nitajua nini?" akasema. "Kizungu changu ni cha reli. Simama, geuka, sukuma, chai. Sauti yao inanivuruga tu. Mtazame mtu mikono, Rispa. Mtu hawezi kudanganya kwa mikono na mdomo wakati mmoja." Basi nikajua. Yale yote tuliyolia na kucheka yalikuwa yanatoka kwenye kichwa cha mtu mmoja mwenye mguu mbovu. Nilifurahi kama niliyepewa siri ya serikali.

Halafu ikaja kanda moja iliyotuvuruga. Picha ilikuwa nzuri kuliko zote, stering mpole, asiyependa bunduki, amechokozwa mpaka akaichukua. Jumamosi ile nilimkuta Makokha ameshika uso kwa mikono miwili. Kwenye televisheni stering alikuwa amelala mchangani, na mtu mwingine amemwinamia, na majina yanapanda. Amekufa. Stering amekufa. Sikuwa nimewahi kuona jambo hilo, na ninavyojua hakuna mtu Dandora aliyekuwa ameliona. "Hii hatuwezi kuwapa watu hivi," Makokha akasema. "Wametoka kufukuzwa kazi, wametoka kuzika, wanakuja hapa. Haiwezekani." Akarudisha kanda nyuma, akaitazama tena, akarudisha tena, mpaka uji wangu ukafurika jikoni. Jumapili, stering alipopigwa risasi na kupanda farasi akielekea kilimani, Makokha akabonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi, na mwisho akausema kwa mdomo wake gizani. Kilima, mbwa anayemjua, mama mlangoni, maji ya chumvi, uji. Alisema polepole. Mwanamume mzima wa kiwanda cha sabuni, mikono yake imebabuka, alijipangusa macho kwa kofia. Picha hiyo iliombwa miezi minne mfululizo, na watu waliona ni sawa kabisa kwamba mwisho wake hauna picha.

Mjukuu wangu Brayo, nikimwekea kauboi kwenye simu, huniambia, "Shosho, hii muvi ni slow. Farasi anatembea tu dakika tano. Hakuna kitu inafanyika." Labda ni kweli. Baada ya zile zilikuja za karate, ambazo mwili unajisemea wenyewe, mtu akirushwa dirishani hahitaji mfasiri. Zikaja za wanaume wenye misuli na mabomu, ikaja mipira, na leo ukumbi wenyewe ni mahali pa vijana kubashiri mechi. Watu husema kauboi walizeeka. Mimi sikubali. Hapa Pipeline chini ya nyumba yetu kuna mshona viatu ambaye huegemeza simu kwenye mkebe wa rangi ya viatu, anaangalia kauboi kutwa nzima, na wanaume wanaotoka kazini husimama nyuma yake wakisahau wanakwenda wapi. Barabara ina kelele, simu haisikiki. Juzi nikasikia mmoja wao akisema kwa niaba ya yule mwenye kofia, "Wee, mimi si mgeni hapa, mimi ndiye niliyewachimbia hiki kisima." Nikasimama na mboga zangu. Nadhani najua wanachokitafuta mle. Kauboi anasukuma mlango wa baa na watu wote wananyamaza, wanageuka kumtazama. Mimi nimeingia kwenye milango mingi ya Nairobi, ya viwanda, ya afisi, ya hospitali, na hakuna hata siku moja ambapo mtu aliinua kichwa.

Lakini nilikuwa naandika majina. Mwezi wa nane hivi Kamande alinikuta naosha birika kwenye bomba akasema, "Rispa, njoo ule kitu, unakonda." Alinipeleka kwenye kibanda cha chipsi karibu na kituo, akaniketisha kwenye kiti chenye mgongo, akaagiza sahani kubwa na soseji na soda ya machungwa. Hakuna mtu aliyekuwa ameniagizia chakula nikiwa nimeketi. Alikuwa mpole. Akasifu mandazi yangu, akamsifu Makokha. "Huyo mzee ni mkali. Lakini Kizungu hicho chote alisomea wapi?" Nikacheka nikiwa na chipsi mdomoni. Nilitaka aone kwamba najua mambo. "Kizungu gani? Hajui hata neno. Hata sauti huwa haiwashi! Ile ya mwisho ya uji ameitunga tu, stering mwenyewe anakufa." Kamande alinisogezea chupa ya tomato. "Kula, kula," akasema. "Si tunaelewana?"

Tukiwa watoto, mtu akivunja dirisha na wewe ukaenda kumwambia mwalimu, ilisemwa umemsemea. "Nitakusemea!" ndicho kitisho kikubwa tulichokuwa nacho. Neno ni lilelile. Makokha aliwasemea makauboi, na mimi nikamsemea Makokha. Nimelitafuta neno lingine miaka yote hii, la kupunguza, silipati.

Jumapili iliyofuata Kamande alisimama mbele ya kizimba amevaa suti. Pembeni yake alikuwa Mwalimu Ndolo, kijana wa chuo cha ualimu, tai nyembamba, kitana kwenye mfuko wa shati. Hilo ndilo jina la pili. Kamande akasema, "Watu wangu, mmekuwa mkidanganywa. Leo mtasikia wanachosema kwa kweli. Redio hajui Kizungu. Akatae." Watu wakamgeukia Makokha, aliyekuwa amesimama karibu nami mlangoni, mkono kwenye bega langu kwa sababu ya mguu. Makokha akasema, "Sijui. Sikuwahi kusema najua." Basi ikawekwa kanda ileile, ya stering mpole, sauti juu, na Ndolo akaanza. "Anasema: habari ya asubuhi, bwana. Yule anajibu: habari ya asubuhi. Anasema: farasi wangu anachechemea. Yule anasema: ni kweli, anachechemea." Watu wakavumilia kidogo. Halafu mmoja akaita kutoka nyuma, "Mwalimu, ni rejista unaita?" "Present!" wengine wakajibu. "Rudisha Redio!" Nilipata matumaini. Nilifikiri wataicheka mpaka iishe, Kamande atakunja suti yake aende. Ndolo alikuwa anatoka jasho. Adui alipotokea juu ya ngazi na sigara yake, ukumbi mzima ulingoja, na Ndolo akasema, "Anasema bei ya ng'ombe imeshuka." Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa cha kumhurumia.

Lakini Kamande alijua anachongojea. Stering alipopigwa risasi na kupanda farasi, Makokha aliondoa mkono begani kwangu, akatoka nje, akaenda zake. Kilima kikaja, na hakukuwa na mbwa. Farasi wa kijani akasimama, stering akateleza polepole kama gunia, akalala mchangani. Mdomo wake ukacheza kidogo. "Anasema," Ndolo akaanza, akasita, nadhani hata yeye aliona haya. "Anasema: viatu vyangu." "Viatu?" mtu akauliza. "Ndiyo. Anataka avuliwe viatu." Majina yakapanda. Yule mtu wa kiwanda cha sabuni akasimama na kofia yake mkononi akasema, bila hasira hata, kama mtu anayesoma barua, "Kumbe alikufa siku nyingi." Wakatoka mmojammoja. Sikuuza chai. Nje, hasira yao hawakuipeleka kwa Kamande aliyewafungia maji, wala kwa Ndolo. Waliipeleka kwa Makokha. "Mzee mzima anatudanganya na uji." Vijana walimpigia mluzi wa farasi akipita uani, na mmoja akamwambia, "Redio, betri imekwisha?" Kamande aliishi mpaka akazikwa kwa hotuba na mahema meupe. Ndolo amestaafu akiwa mwalimu mkuu. Hakuna aliyewauliza kitu.

Jumatatu jioni ilikuwa zamu yake kupika. Nilivuka ua nikiwa nimejipanga kumwambia. Nilikuwa nimelirudia mdomoni kutwa: Baba Nafula, ni mimi nilimwambia Kamande. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye stuli, ugali umegeuzwa kwenye sinia, sahani mbili. Koti la reli lilikuwa limeshuka kwenye msumari na kukunjwa juu ya sanduku, nikajua anaondoka. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala fulani Industrial Area, na angehamia Mukuru kuwa karibu. Niliketi. Nikafungua mdomo.

"Rispa," akasema kabla sijaanza, "huyo mwalimu. Pale mwisho. Stering alisema nini?"

Nikalitazama lile koti lililokunjwa.

"Mimi niliutazama ule mdomo mara nyingi sana," akasema. "Mara ishirini. Ulifungika mara mbili. Hivi." Akanionyesha kwa mdomo wake mwenyewe, midomo ikikutana, ikiachana, ikikutana tena. "Mtu akiwa mchangani, na mdomo unafungika mara mbili, anaita nani? Nikasema anaita mama. Ndiyo nikampeleka kwa mamake. Sikutunga tu, unaelewa? Kama alisema kitu kingine, basi nilikosea, na wale vijana wana haki. Nataka kujua tu."

Alikuwa ananitazama mikono. Niliiweka chini ya mapaja.

"Mwalimu alisema anaita mamake," nikamwambia.

Makokha akaitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa, uso wake ukafunguka, akacheka kidogo peke yake. "Si nilijua," akasema. "Si nilijua." Lile lingine, lililonileta, halikutoka siku hiyo, na halikutoka miaka yote niliyokwenda kumsalimia Mukuru, wala halikutoka wiki iliyopita matangani nilipopewa dakika ya kusema mbele ya watu.

Alinimegea ugali, akasogeza sahani ya omena katikati yetu, akasema, "Kula, msichana. Kesho sitakuwapo." Nikala naye mpaka sahani ikaisha.